Kiu ya Baba Kitandani

Kasokola,
S.L.P. 118,
Mpanda, Katavi.
12 Oktoba 2025

Mpendwa Baba Mdogo Manyanda,

Shikamoo. Natumaini nyote huko Magu ni wazima, na kwamba goti la Mama Mdogo limetulia. Sisi tunaendelea, neno lingine sijalipata.

Nyonga ya Baba, iliyovunjika fahali alipomkumba zizini mwezi wa nane, inaunga taratibu. Bado analala chali. Jumatatu daktari alituonyesha jiwe katika figo yake ya kushoto, akasema figo zote mbili zimeanza kuchoka kwa kukosa maji. Nilimsikiliza kama mtu anayesomewa habari za mji mwingine.

Maji yapo, Baba hayanywi. Mchana mimi niko kazini mjini, na tangu Mama atutoke, anayebaki nyumbani ni mke wangu, Mariana. Baba anasema hawezi kumkabidhi mkwe wake kopo la mkojo akalimwage. Afadhali midomo imkauke hadi nirudi jioni. Heshima hiyo unaijua kuliko mimi, kwani mlilelewa nayo pamoja.

Nimebishana naye kwa hoja. Nilimweleza kwamba kwa wanaokwenda anga za juu, ambako mwili hauhisi uzito, maji ya miguuni hupanda kifuani na kichwani. Mwili hudhani umejaa, na figo huyatoa. Misuli isiyobeba kitu husinyaa. Mifupa nayo hupoteza madini yake, ambayo hupitia kwenye figo na kuganda kuwa mawe mkojo unapokuwa mzito. Nikaongeza kuwa mtu wa kitandani hupatwa na mengi ya hayo hayo, hata wataalamu huwalaza watu wenye afya majuma kadhaa ili kuyachunguza.

Akaniuliza, "Na hao wa huko juu, wamekwenda na wakwe zao?"

Pamoja na shahada yangu, nilichukua kopo nikaenda kulimwaga.

Jumatano Mariana, ambaye ni mjamzito, alisimama nje ya pazia la chumba cha Baba, akasema naye kwa wingi wa heshima. "Baba, na mimi mchana sinywi tena. Nyie mkikauka, nami nakauka."

Niliporudi nilimkuta Baba ameudhika. "Mkeo mbishi. Kafundishwa na nani?"

"Kaolewa kwenye nyumba hii, Baba."

Akasema, "Muite Manyanda. Kopo akilishika ndugu yangu, nitakunywa."

Kwa hiyo nakuomba uje. Ukipanda treni Tabora, nitakupokea stesheni ya Mpanda. Nayaandika haya bila uchungu wala matumaini. Sijui vimekwenda wapi.

Nisalimie Mama Mdogo, dada Nyanzala na Gideon. Mungu awalinde nyote, nawe akufikishe salama. Usikawie, Baba Mdogo. Nimembembeleza Mariana na kumkaripia, lakini anasema hatagusa kikombe mchana kabla Baba hajagusa chake.

Mwanao akupendaye,
Nashon