Mashine Nyeupe na Majina ya Kogo

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua saiba, duka langu la intaneti, saa mbili. Kapkatet yote ni matope. Mteja mmoja tu, wa kuchapa barua ya kuomba kazi. Mchana ndugu yangu Kibet akapiga simu: Chepkoech mkewe amejifungua hospitalini. Msichana. Wote wazima. Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la mbolea akaja kuuliza nani amekufa.

Kisha nikakumbuka kuwa Kogo, nyanya yetu, hayupo tena. Nani ataita majina?

Jumatano, 5 Machi

Mtoto yuko nyumbani. Senge, dada mkubwa wa Baba, amekuja kufanya kazi iliyokuwa ya Kogo. Unawaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja mbele ya mtoto, mpaka apige chafya. Yule anayeitwa wakati huo ndiye aliyerudi, na jina lake ndilo la mtoto. Senge alitia ugoro kidogo kwenye kidole akamnusisha, Mama amenuna pembeni kwa sababu kanisa halitaki mila hii. Akaita: Taprandich. Tapkigen. Wengine wachache anaowakumbuka. Akarudia. Mtoto alilia tu.

Jina la Kogo mwenyewe hakuliita. Hajalitamka tangu mazishi. Nilimwuliza, akasema mama yake bado ni mgeni huko alikoenda, asisumbuliwe. Hakuna aliyebishana naye.

Baba amesema hakuna ubatizo wala wageni mpaka jina lipatikane. Mtoto hanyonyi vizuri. Analia mpaka Chepkoech naye analia. Daktari amemwona, anasema ni mzima. Mimi naogopa hata hivyo.

Nikiwa sekondari nilimrekodi Kogo akiita majina yote, kazi ya somo la historia. Nilitumia kompyuta nyeupe ya mkononi waliyotuletea wafadhili. Shule ilipotaka kuitupa niliichukua. Iko juu ya kabati langu.

Alhamisi, 6 Machi

Inawaka lakini haiendi. Picha ya folda yenye alama ya kuuliza inapepesa, basi. Mfumo wake umeharibika. Diski ndani inalia tak, tak.

Nimeipeleka Kericho kwa fundi Mwangi. Hana waya wa diski ya zamani hivyo. Kuifikia ni lazima afungue mashine nzima, na kwa mlio ule huenda ikafia mikononi mwake. Akanirudishia. "Achana na hii kitu, madam. Hata spea hakuna. Wekelea kwa mlango isifungwe na upepo."

Nilimchukia njia nzima ya kurudi, na soda aliyoninunulia niliinywa.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango: niiwashe kwa Linux kutoka kwenye CD. Mfumo wa bure, hauhitaji ule ulioharibika. Ukishawaka, nisome diski bila kufungua hata skrubu.

CD tupu nani anauza siku hizi? Nimezipata kwa jamaa wa kupiga video za harusi. Nikachoma Linux kwenye moja. Mashine ikaisoma, ikaitema. Mjinga ni mimi. Chipu yake ni PowerPC, si kama ya kompyuta nyingine. Linux ya chipu hiyo ipo, inatunzwa na watu wachache huko duniani wasiotaka ife. Mungu awabariki. Nikaanza kupakua upya, stima ikapotea katikati. Nililia kwa hasira, nikafunga duka.

Jumamosi, 8 Machi

CD ya pili imekubali. Mistari michache ya maandishi, kisha kioo cheusi. Feni inanguruma, kioo hakionyeshi kitu.

Wanasema mtandaoni kuna maneno ya kuandika mwanzoni kabisa, ili mashine ijue kioo chake. Lipi ni la mashine hii, kila mtu ana lake. Naandika moja, kimya. Nazima, nawasha, naandika jingine. Kimya. Nikajiona Senge mtupu, bila ugoro.

Diski inalia zaidi kila ninapowasha. Huenda ninaiua kwa kuitafuta. Wazo hilo limenitoa hamu ya chakula.

Mama amepiga simu. "Wachana na hiyo mashine, kuja tuombe. Mtoto amechoka hata kulia." Sikwenda. Nimemkasirikia, na najua hana kosa.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Niliandika neno jingine la mtandaoni, video=ofonly. Nilikuwa nimeshakata tamaa, niliandika tu ili nimalize orodha.

Chafya! Maandishi yakajaa kioo kizima. Saa ya mashine inasema ni mwaka 1904, betri yake ndogo ilikufa zamani. Mwaka huo chai haijafika milima hii. Wote waliomtoka Senge kichwani wako hai, wanachunga ng'ombe. Nilicheka peke yangu.

Folda zikaonekana. Faili la Kogo lipo. Nikaanza kunakili kwenye flashi. Tak, tak. Ikasimama. Nikashika meza kwa mikono miwili. Ikaendelea. Ilipomaliza tu, diski ikalia mlio mrefu, na tangu hapo mashine haiioni tena.

Jumatatu, 10 Machi

Nimecheza sauti kwa simu, chumbani kwa Chepkoech. Kogo akakohoa kwanza, kama kawaida yake. Baba alikuwa mlangoni, akavua kofia.

Kogo akaita. Majina mengi, hata Senge alitikisa kichwa kwa mengine aliyokuwa ameyasahau. Senge alirudia kila moja karibu na pua ya mtoto. Hakuna kitu. Majina yakaisha. Chepkoech akageukia ukuta. Nilitaka kuivunja simu.

Lakini nilisahau kuizima. Sauti yangu ya usichana ikauliza, "Na wewe, Kogo?" Kogo akacheka. Akasema, "Mimi bado niko. Mtaniita nikienda."

Senge akakaa sakafuni. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Mama ndiye aliyemshika. Kisha Senge akajivuta hadi kitandani akamwita mama yake kwa jina, polepole. Tabutany.

Mtoto akapiga chafya.

Jumapili, 16 Machi

Tabutany bado analia usiku. Ananyonya vizuri lakini. Ubatizo ni baada ya mvua.

Mashine naiacha iwake kwa CD, pale kaunta. Sijarekebisha mwaka.

Jioni Baba alirudi kutoka kituo cha kupimia majani ya chai, ametota. Alinawa mikono, akaenda kwa mtoto kabla hata ya chai. "Chamgei, mama," akamsalimu. Akasimama pale akingoja ajibiwe.