Nyumba ya Kwanza Kwenye Orodha

Dundori, Jumapili

Kwako dada Abby,

Sisi tu wazima. Viazi tulikuwa tumeshavuna, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Najua umesikia kilima kiliporomoka. Hakuna aliyekufa. Tangu Januari kaunti ilikuwa imeunda kamati ya maafa hapa kwetu, na mume wangu Muturi akafanywa naibu wa Njambi, yule mjane wa kule chini. Kila Jumamosi walipita pamoja nyumba kwa nyumba, wakiandika ni nani ataokolewa kwanza. Niliwasikia wakicheka kabla hawajafika langoni.

Asubuhi ile ya maporomoko, filimbi ya tahadhari ilipolia, Muturi alipita kwetu mbio bila kugeuka, akaenda kumbeba mama yake Njambi. Mimi nilipanda kwa miguu hadi shuleni, kwenye mahema.

"Ulinipita," nikamwambia Muturi alipofika.

"Ni orodha, Wariara. Yule mama hatembei."

"Na orodha ilipangwa na nani? Si huyo Njambi wako?"

Njambi, aliyekuwa akigawa blanketi, akasema polepole, "Aliipanga yeye. Mimi nilimwambia aanze na wewe, una mimba ya miezi saba."

Dada, afadhali angenidanganya.

Sasa kaunti inatujengea upya huku juu, mbali na mteremko. Muturi ananiuliza nataka mlango uelekee wapi. Je, kile chumba chako cha nyuma kiko wazi? Ningependa kujifungulia huko.

Mdogo wako,
Wariara