Mahali Pangu Nyuma ya Moto

Kwako Baba Masanja, uliyeko Geita kwa wachimba dhahabu,

Jana jirani yetu dereva, yule anayepeleka unga machimboni kwa lori, alinipasha habari zako. Kasema una mwanamke huko. Nadhani alitegemea nipige mayowe. Nikamkaribisha uji. Wivu wangu, mume wangu, niliumaliza wote kwa yule farasi.

Usicheke. Misheni ilikuwa na farasi wawili wa kukokota pamba hadi stesheni, nawe ndiye uliyewapigilia viatu. Yule dume ulimmaliza haraka, akaenda zake. Lakini jike! Mapadri walikuwa na jina lao la kizungu, wewe ukampa la kwetu, Kabula, kwa kuwa alifika mvua inanyesha. Jina la binti wa watu, umempa mnyama. Unaupakata mguu wake mapajani, unaikwangua kwato kwa tupa taratibu, na kila msumari ukiingia unamwambia, "Pole, mama. Pole, tunamaliza." Mimi nilipokuwa na uchungu wa Masanja ulisimama mlangoni ukasema, "Wewe si una nguvu?" Nilikuwa nayakumbuka maneno hayo kila nilipouona ule mguu mapajani mwako.

Na maonyesho ya Sabasaba ndiyo yaliyonimaliza kabisa. Viatu vya kazi, vile vizito vya kushika udongo, unaving'oa. Unamfulia vingine vyepesi, unavisugua mpaka vinang'aa, ati anakwenda kupita uwanjani mbele ya wakubwa. Mwaka mmoja ukampaka kwato mafuta yangu ya nazi, chupa nzima. Alipofungwa utepe wa ushindi ukamkumbatia shingo hadharani, mimi nimesimama nyuma ya kamba na nywele zangu kavu. Shoga yangu akaninong'oneza, "Mama Masanja, mke mwenzio ana mkia." Nilicheka naye, lakini jioni ile mboga yako niliizidisha chumvi makusudi. Ukala yote huku unamsifia Kabula.

Nikuambie sasa kilichonifanya nivumilie. Ni ile nafasi yangu pale kwenye banda lako la kufulia chuma, nyuma ya moto. Mivukuto ya kupulizia moto niliishika mimi. Hukuwahi kuniambia ongeza wala punguza. Ukiinua kidevu, navukuta kwa nguvu. Ukikishusha, nalegeza, na chuma kinatoka chekundu vile vile ulivyokitaka. Kiatu cha moto kikigusa kwato, moshi unatufunika sote watatu, harufu yake inakera koo, nawe unageuka kunitazama uone kama macho yangu ni salama. Kwa kunitazama huko tu, nilimsamehe Kabula mara nyingi.

Kisha misheni ikanunua trekta. Dume akauzwa, Kabula akafa kwa uzee, ukamlilia waziwazi. Hapakuwa tena na mnyama wa kuvishwa viatu, ukaenda Geita kuwafulia wachimbaji moko zao, zile patasi za kupasulia mwamba. Ulisema utarudi kabla ya kulima. Tumelima, tumepalilia, tumevuna.

Basi jana, dereva akimalizia uji wake, nikamuuliza kwa mzaha tu huyo mwenzangu anajishughulisha na nini. Akanijibu, "Si ndiye anayemvukutia mzee? Wanaelewana hao, hata hawasemeshani."

Bakuli lilinitoka mkononi.

Baba Masanja, angekuwa anakupikia, ningenyamaza. Hata kama analala kwako, ningelia kidogo nikaendelea na shamba. Lakini umemwinulia kidevu! Hicho nakionea wivu, na sioni haya kukiandika. Kabula mwenyewe, pamoja na mapenzi yote yale, hukumpa nafasi hiyo.

Barua hii anakuletea dereva. Safari yake inayofuata nami nimo, juu ya magunia. Masanja atabaki kwa bibi yake. Mivukuto yetu nimeipaka mafuta, ngozi imelainika, naja nayo. Siji kugombana na mtu. Nitaingia bandani kwako na kukaa nyuma ya moto, kama akiwapo atanipisha. Usinieleze chochote. Nitatazama kidevu chako tu, na kama hukukiinua, nitapanda lori lile lile nirudi.

Ni mimi mkeo,
Mama Masanja