Maren, na Viazi vya Msiba wa Otis Pilgrim

Siku hizi birika linapiga filimbi hadi mwisho, Maren. Wewe ulikuwa unaliondoa motoni alfajiri kabla halijalia, usije ukaniamsha, kisha unatoka ukinyata, viatu mkononi. Nilikuwa macho kila siku. Sikukwambia, maana nilipenda kusikia unavyonihurumia.

Leo mwaka umetimia tangu gari lako lilipoteleza kwenye mvua ukatutoka, ukiwa na miaka ishirini na sita.

Mchana uliuza tiketi za kivuko. Jioni ulipiga gitaa kwenye gereji yetu hapa Ballard, wewe na rafiki zako, Oskar na Thuy. Nyimbo zenu zote zilihusu ile ligi ya besiboli ya kwenye mtandao, ambayo wachezaji wake ni wa kubuni. Mimi hilo la kubuni sikulijua. Ndiyo maana nilipokukuta jikoni unalia, ukasema, "Bibi, Otis Pilgrim amekufa, yule mrusha mpira wetu," nilioka viazi na jibini kama tunavyopeleka msibani, nikavaa koti.

"Mama yake anakaa mtaa gani?" nikauliza.

Oskar, aliyekuwa nawe pale jikoni, alicheka hadi akakaa sakafuni. "Bibi, Otis hana mama. Hana hata miguu. Ni jina tu kwenye kompyuta."

"Sasa mnamlilia nini?"

Wewe hukucheka. Ulichukua uma. "Tulimpenda, Bibi. Kaa, tule matanga yake."

Na katika wimbo mliomtungia, ulimpa Otis mama. Anasimama mlangoni, anapokea viazi.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, Oskar na Thuy walikuja na bakuli la viazi na jibini, vimeungua upande mmoja. Oskar aliliweka mezani. Thuy ndiye aliyesema, "Tuliuliza mtaa, Bibi. Tukaambiwa ni hapa."

Baadaye waliniomba ufunguo wa gereji wakamalizie wimbo wako wa mwisho, ule uliouacha umeimba nusu. Nilikataa. Niliogopa kwamba wakiumaliza, nawe utakuwa umekwisha kabisa. Waliomba mara ya pili, nikakataa tena. Hawajaja tena, na gereji haijafunguliwa mwaka mzima.

Nilikosea, mjukuu wangu. Wewe hukukubali hata wanaomlilia Otis wakose mlango wa kubisha, nami nikawafungia rafiki zako.

Unakumbukwa na baba yako Anders, mdogo wako Kirsti ambaye bado anavaa sweta lako, shangazi yako Ragna, na mimi bibi yako, Solveig. Tutakukumbuka daima, kila birika linapolia.

Oskar, Thuy, mkiyasoma haya: ufunguo nimeutundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni. Jumapili saa kumi viazi vitakuwa mezani. Njooni tena, wajukuu zangu.