Nimefeli aljebra kwa makusudi

Dewey, nimejimaliza. NIMEJIMALIZA!

Unaijua sheria ya darasa letu la aljebra hapa chuoni: ukifeli jaribio, lazima ufundishwe na mwanafunzi mwenzako. Verlon alifeli, akapewa Odessa amfundishe. Odessa wangu, ingawa mwenyewe hajui! Wiki nzima wanalishana pai ya njugu za pekani maktabani, mimi roho inaniuma.

Basi na mimi nikafeli makusudi. Hata jina langu nilitaka kulikosea.

Leo mwalimu kaniita. "Mzee Harlan, sheria ni sheria. Utafundishwa."

"Na Odessa?" nikawahi.

"Na Verlon. Safari hii kapata tisini na tano."

VERLON, Dewey!

Jamaa kanipigapiga bega mbele ya Odessa: "Usiogope, babu. Tutaanza na kujumlisha."

Odessa kacheka mpaka miwani ikamdondoka. Na nani kaiokota? Verlon.