Kiko Changu Kimebaki Kakuma

Jumapili, Lodwar. Jua limewaka tangu asubuhi kama lina ugomvi na mimi, na upepo unaleta vumbi hadi ndani ya chai. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Saa hizi kila siku huwa nimekaa mlangoni na kiko changu. Leo nimekaa mlangoni na mikono mitupu.

Tumbaku ninayo. Kiko ndicho sina.

Ngoja nieleze kutoka mwanzo, labda moyo utatulia.

Jana nilikwenda Kakuma kwa baba yake Akiru. Akiru ni fundi cherehani pale mjini, ana miaka thelathini na sita. Mimi ni fundi wa pampu za maji, nina arobaini na tatu. Si watoto tena. Lakini aliniambia wazi kwamba baba yake asipovuta tumbaku yangu, hanifuati popote. Kwetu ukienda kuomba binti unampelekea mzee tumbaku. Akiivuta, mazungumzo yamefunguliwa. Akiiacha chini, shika njia urudi ulikotoka.

Mimi najua kuachiwa chini. Zamani kidogo, kule Lokori, mzee mwingine aliiacha tumbaku yangu chini mpaka mbuzi akaja kuinusa. Watu walicheka. Na mimi nikacheka, ili nisilie.

Basi safari hii nikajifanya mjanja. Niliagiza tumbaku ya kizungu kutoka Nairobi, inanukia matunda, kopo lenyewe linang'aa. Nilipofika Kakuma nikapitia kwanza kambi ya wakimbizi kwa Mama Achol, mama wa Sudan Kusini anayeniuzia tumbaku yangu ya kila siku. Yeye mwenyewe anavuta kiko kirefu kuliko changu. Nikamwonyesha kopo. Akanusa, akarudi nyuma.

"Ya salaam! Wewe unaenda kuoa ama kuoga?"

Nilicheka, lakini kopo nikalifunga haraka. Nikanunua na fungu langu la kawaida, nikalitia mfukoni.

Hiyo ya kawaida ni burley tu, majani ya kahawia yaliyokaushwa kivulini, hayana sukari wala marashi. Ukiyasugua kiganjani yananukia karanga za kukaangwa na gunia kavu. Pafu la kwanza linakwaruza koo kidogo, halafu linatulia, na wewe unatulia nalo. Nimeivuta miaka kumi na tano na sijawahi kuisifu kwa mtu. Daktari alishaniambia niache, nami nilishamwitikia, na bado naivuta.

Mzee nilimkuta amekaa kwenye kigoda kando ya ukuta wa mabati. "Ejok, Apa," nikamsalimia, nikampa kopo kwa mikono miwili. Akafungua. Akanusa. Akafunga. Kisha akaliweka taratibu kando ya mguu wake.

Chini.

Akiru alikuwa amesimama mlangoni, akaingia ndani bila kunitazama. Kuondoka nilishindwa, kukaa nilishindwa. Mikono ikaanza kazi yake yenyewe. Ikatoa kiko, ikasugua majani, ikajaza, ikawasha. Mbele ya mzee, jamani, bila hata kuomba ruhusa! Nilipogundua ninachofanya, moshi ulikuwa umeshanitoka puani.

Mzee akanyoosha mkono. "Nipe tumbaku."

Nikampa kiko chenyewe kikiwa kinawaka, maana akili haikuwepo. Akavuta. Akafumba macho. Akavuta mpaka ndani yakabaki majivu matupu, akayakung'uta, halafu akakitia kiko changu kwenye mkunjo wa shuka lake, akaanza habari za mbuzi na visima. Alipomaliza nikaaga, nikaondoka. Ningemdai vipi kiko?

Sasa shida yangu ni hii. Hapa Turkana "nipe tumbaku" ni karibu sawa na salamu. Watu hukuomba barabarani, hukuomba sokoni, hata usiowajua. Je, mzee aliniomba kwa sababu nimekuja kumposa binti yake, au kama anavyomwomba mpita njia yeyote? Ile niliyompelekea ilibaki chini. Aliyoivuta ni ya mfukoni mwangu, niliyoinunua kwa ajili yangu mwenyewe. Inahesabika? Na kiko alikichukua, au alijisahau tu?

Simu ya Akiru haipatikani tangu jana. Nimepiga hadi naona aibu.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu mbele ya watu najifanya sijali, nawaambia mke si lazima, nimezoea. Uongo mtupu. Nimechoka kupika chai ya mtu mmoja. Huyu mwanamke nikimkosa kwa sababu ya kopo la marashi, sijui nitajisamehe vipi.

Nimesugua jani moja kiganjani, nikalinusa tu. Hata hivyo ni tamu.

Simu imelia nikiwa bado naandika. Ni ujumbe wa Akiru. Unasema: "Simu ilikuwa haina chaji. Baba amevuta kiko chako tangu asubuhi. Sasa kimeziba. Anauliza ni mkwe gani huyu hasafishi kiko chake. Uje Jumamosi na waya. Na ile tumbaku ya mfukoni. Usilete lile kopo."

Nimeusoma mara saba. Pale penye neno "mkwe" nimerudia zaidi.

Waya nimeshaukata kutoka mkoba wangu wa kazi, mrefu wa kutosha kusafisha viko vya Kakuma nzima.

Sasa naanza kuogopa Jumamosi.