Damu Imesemaje Leo

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, nikitumaini mshono wako umefunga na kichanga ananyonya vizuri. Mimi nipo, ila kusema ni mzima ningekudanganya. Kwenye simu uliniuliza kwa nini tangu tumzike mume wangu, shemeji yako, sitaki kukaa na wageni, nikakujibu nimechoka. Si uchovu, dada. Ni jambo nisiloweza kulitamka humu ndani.

Unaujua utani wa shemeji yako. Tumbo lilipoanza kumkata hadi mgongoni, alisema kuna mchomeleaji mwenzake amejifungia humo anafanya kazi bila kibali. Hospitali wakasema ni kongosho. Kijiwe cha nyongo kimeziba njia, na yale maji ya kusaga chakula yamegeuka, yanaisaga kongosho yenyewe. Wakamlaza chumba cha mahututi.

Kitanda cha pili alikuwepo fundi cherehani, binti mdogo tu, ugonjwa uleule. Mimi na mama yake tukawa watu wa benchi moja pale koridoni, tukijifunika shuka moja. Kila asubuhi daktari alitoka na majibu ya damu: figo, kalsiamu, tindikali. Alisema vikisomwa pamoja vinaonyesha nani ana nafasi ya kupona na nani anateleza. Basi hata salamu zetu zikageuka. Mama yule hakuniuliza tena nimeamkaje, aliniuliza, "Damu imesemaje leo, mwanangu?"

Figo za wote wawili ziligoma pamoja. Shemeji yako akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Binti alifariki kesho yake. Nilimshika mama yake asianguke, nikamsindikiza mpaka getini, nikarudi benchini peke yangu.

Baada ya hapo damu ya mume wangu ikaanza kusema mazuri. Ndiyo siku ile niliyokupigia nikicheka kama mwendawazimu. Daktari naye alitabasamu. Kisha homa ikapanda, sehemu ya kongosho iliyokufa ikaoza, na majibu yote yakaporomoka. Alikata roho mchana, nimemshika mguu, maana mikono ilikuwa imejaa mipira. Daktari alikaa chini kabisa, akasema vipimo vilionyesha angepona.

Sasa nikwambie. Mashine ya kusafisha damu iliyokuwa nzima ilikuwa moja tu. Daktari aliniita pembeni akasema damu ya mume wangu inatoa matumaini, ya binti haitoi, kwa hiyo wataanza na wangu. Nikasema, "Asante, daktari." Dada, nilishukuru. Nikarudi kukaa karibu na yule mama, akaniuliza nimeambiwa nini, nikasema hakuna jipya. Yeye walimwambia mashine ya binti yake imeharibika.

Alisikia msiba akaja. Yuko hapa tangu siku ya mazishi, anaosha vyombo, analala chini karibu na kitanda changu, ananilisha kwa mkono wake. Jana aliniambia anafarijika kidogo kwamba angalau mume wangu hakukosa kitu. Nikitoka nje namkuta, nikijifungia ananifuata na uji. Sijui nimwambie au ninyamaze hadi naye aondoke. Yote mawili yananiua.

Mbusu mtoto, msalimie shemeji, na usinyanyue vitu vizito. Huyu mama ameingia sasa hivi, kauliza namwandikia nani. Nimemwambia dada yangu. Anakusalimu sana, anasema usiwe na wasiwasi, sitakuwa peke yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda